Nyumba ya Sala na Sheria ya Kiwanja



Juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani kuwa dogo, mpaka siku linapobisha hodi mlangoni pao. Je, mtu anayo haki ya kukusanya majirani nyumbani mwake ili wasali pamoja? Na mkuu wa Serikali, je, anayo haki ya kuuliza habari za mkutano huo, na kusema, "Hapa ni mahali pa kulala watu, si mahali pa ibada"?

Wako watakaojibu upesi, "Nyumba ni yangu, kiwanja ni changu, Mungu ni wangu, nani aniulize?" Wako na wengine watakaojibu upesi vilevile, "Mkuu amekataza, basi yamekwisha." Majibu hayo yote mawili ni mepesi mno. Tuyapime polepole, maana kwa jamaa zetu za Masisi na Walikale jambo hili si la mabishano ya shuleni. Ni jambo la kuwa na Kanisa au kutokuwa nalo.

Kanisa lilizaliwa nyumbani

Kwanza tukumbuke kwamba Kanisa halikuzaliwa ndani ya jengo la kanisa. Mitume walikuwa orofani, katika nyumba ya watu, Roho Mtakatifu alipowashukia. Petro alipotolewa gerezani usiku alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Maria, mama yake Yohane Marko, kwa kuwa huko ndiko watu walikokuwa wakisali. Na kijakazi Roda, kwa furaha yake, akasahau hata kumfungulia mlango. Mtakatifu Paulo katika barua zake aliwasalimu Wakristu waliokutanika nyumbani mwa Priska na Akila, na wale wa nyumbani mwa Nimfa, na wale wa nyumbani mwa Filemoni.

Huko Dura-Europos, katika nchi ya Siria, wataalamu wa mambo ya kale walifukua nyumba moja ya karne ya 3. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya kukaa watu. Wakristu walibomoa ukuta uliotenga vyumba viwili ili wapate ukumbi mmoja, na chumba kingine wakakifanya mahali pa kubatizia. Mwaona basi: habari ya kugeuza nyumba ya kulala kuwa nyumba ya sala haikuanza jana.

Karibu nasi zaidi tunao mfano wa Uganda. Mnamo Novemba 1882 Mapadri Weupe waliondoka Buganda, wasirudi mpaka Julai 1885. Kwa muda huo wote hapakuwa na padri wala Misa. Je, dini ilikufa? La, hasha. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwafundisha vijana wa ikulu. Andrea Kaggwa aliwapokea watu nyumbani kwake. Na huko Mityana Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali walikusanya jamaa na majirani. Mapadri waliporudi waliwakuta wafuasi wengi kuliko wale waliowaacha. Mbegu ya Mashahidi, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, ilioteshwa majumbani.

Nao Maaskofu wetu wa Kongo, katika mkutano wao mkuu wa mwaka 1961, walichagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambazo sisi huku twaziita mashirika. Tangu hapo parokia si jengo moja lenye mnara tu. Parokia ni nyumba nyingi zinazopokezana: leo kwa mama mjane aliye karibu na kisima, juma lijalo kwa fundi seremala, juma la tatu kwa mwalimu. Vigoda huletwa na majirani, taa huazimwa, na Neno la Mungu husomwa kati ya vyungu na majembe.

Hali ya Masisi na Walikale

Teritwari ya Walikale ndiyo kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Ina kilometa za mraba zaidi ya 23,000. Yaani hupungua kidogo tu kuliko nchi nzima ya Rwanda. Sehemu yake kubwa ni msitu. Mtu akitoka kijijini kwenda kanisani parokiani, mara nyingi huo si mwendo wa asubuhi moja, na mvua ikinyesha njia hugeuka tope. Masisi ni nchi ya vilima, migomba na malisho ya ng'ombe, nayo ina watu wengi. Lakini tangu mwaka 1993 vita vimekuwa vikirudi mara kwa mara, na jamaa zimezoea kufunga mizigo usiku. Mnamo Mei 1996 watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto, wakitumaini kwamba kuta takatifu zitawakinga, waliuawa huko. Mnamo Januari 2025 vita vilifika Masisi penyewe, na Machi 2025 vikafika Walikale penyewe.

Katika hali kama hiyo, jamaa wanaosali rozari chini ya turubai hawafanyi hivyo kwa sababu wamedharau kanisa. Wanafanya hivyo kwa sababu kanisa liko mbali, au njia imefungwa, au wao wenyewe wako ugenini kwa watu waliowapokea. Mtu akiwaambia, "Salini kanisani tu," ni kana kwamba amewaambia wasisali.

Lakini ni hali hiyohiyo inayomfanya mwenye amri awe na mashaka. Watu 30 wamekutanika nyumbani, jua limekwisha kutua, mlango umefungwa, nao wanasema lugha moja ya kabila moja. Mpita njia atajuaje kwamba wanasoma Injili? Mahali ambapo vita vimepandwa kati ya kabila na kabila, nyumba iliyofungwa hutia hofu. Hatuwezi kuzungumza juu ya haki ya kusali nyumbani tukajifanya hatuijui hofu hiyo.

Historia inayotufundisha kwa uchungu

Nchi hii imejua kwa muda mrefu maneno mazuri juu ya uhuru wa dini. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliahidi uhuru wa ibada katika bonde la Kongo, pamoja na haki ya kujenga nyumba za ibada. Sheria kuu ya koloni ya tarehe 18 Oktoba 1908 ilirudia ahadi ya uhuru wa dhamiri, kwa wenyeji na kwa wageni. Lakini ahadi haikuwa na uzito mmoja kwa wote. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906 kati ya Kiti cha Papa na Dola Huru ya Kongo, misioni zetu Katoliki ziliahidiwa ardhi, hektari 100 mpaka 200 kila moja, ili zifungue shule. Hapo sisi hatukuulizwa, "Kiwanja kiko wapi?" Kiwanja tulipewa.

Wengine waliulizwa. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Naye akafia gerezani huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Wafuasi wake wengi walihamishwa mbali na kwao, na waliobaki walisali kwa siri. Dini yao ilitambuliwa na Serikali mnamo Desemba 1959 tu, miezi michache kabla ya uhuru.

Na hapa kwetu, katika nchi ya Masisi, Walikale na Lubutu, wazee hawakusahau habari za Kitawala. Mwaka 1944 Wakumu wengi walimfuata Bushiri Lungundu, aliyewaahidi ukombozi. Serikali ya kikoloni iliuzima uasi ule kwa silaha, na watu wengi walikufa. Hatusemi kwamba yote yaliyofundishwa na Kitawala yalikuwa kweli, wala kwamba yote yaliyotendwa yalikuwa mema. Ila tujiulize: mizizi ya uasi ule ilikuwa nini? Ilikuwa ni sala? Wakati ule wa vita vikuu watu walishurutishwa kutafuta mpira msituni, kulima na kufanya kazi za migodi na barabara kupita nguvu zao. Uchungu ulikuwepo kwanza. Mahubiri ya siri yalikuta kuni zimekwisha kukauka. Mwenye amri alitafuta kosa katika nyimbo za watu, asilitafute katika mizigo aliyowatwika.

Sisi Wakatoliki tukumbuke pia, bila kujificha, kwamba siku zile wengi wa upande wetu waliona ni vema dini hizo zifungwe. Waliona ni ulinzi wa ukweli. Lakini Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Zamu yetu ilikuja. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa katika Zaire na Kardinali Malula akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa muda; vyama vya vijana vya dini vilipigwa marufuku; mwaka 1974 Noeli iliondolewa katika siku kuu za nchi, na shule zetu zikachukuliwa. Mashahidi wa Yehova nao, ambao hukutanika kwa unyenyekevu bila majengo makubwa, walipigwa marufuku mwaka 1986, mpaka Mahakama Kuu ilipoiondoa amri hiyo mwaka 1993.

Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili ulitoa tamko juu ya uhuru wa dini tarehe 7 Desemba 1965. Fundisho lake, kwa kifupi, ni hili: mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake katika mambo ya dini, wala asizuiwe kuifuata, faraghani au hadharani, akiwa peke yake au pamoja na wengine, maadamu anashika mipaka ya haki. Mtaguso haukusema hivyo kwa ajili ya Wakatoliki tu. Ulisema hivyo kwa sababu ya heshima ya kila binadamu, aliyeumbwa na Mungu akiwa na akili na hiari. Hata anayekosea njia habaki bila heshima hiyo.

Sheria ya nchi yasemaje?

Nanyi wanafunzi, hapa shikeni kalamu, maana haki isiyojulikana ni kama fedha iliyozikwa shambani.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 22, inampa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini, na haki ya kuionyesha dini yake peke yake au pamoja na wengine, hadharani au faraghani, kwa ibada, mafundisho na desturi, akiheshimu sheria, utulivu wa watu wote, adabu njema na haki za wengine. Angalieni neno hilo "faraghani": nyumba imo ndani yake. Ibara ya 25 inalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Ibara ya 29 inasema kwamba nyumba ya mtu haiingiliwi wala haipekuliwi ila kwa namna iliyowekwa na sheria.

Hali ya kuzingirwa ilianza katika Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, na wakuu wa kijeshi wakapewa nguvu za kukataza mikutano iletayo fujo na za kupekua nyumba mchana na usiku. Lakini ibara ya 61 ya Katiba inataja haki chache ambazo haziwezi kuondolewa hata katika hali ya namna hiyo. Na mojawapo ni uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Yaani saa ya mkutano yaweza kubadilishwa kwa ajili ya usalama, na mahali paweza kuulizwa. Lakini hakuna hatari ya vita inayompa mtu ruhusa ya kuifuta sala yenyewe.

Iko pia sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya vyama visivyotafuta faida, ambayo inahusu na madhehebu ya dini. Hiyo inaonyesha jinsi dhehebu linavyopata kutambuliwa mbele ya Serikali, liweze kuwa na mali na akaunti na kusimama mahakamani kwa jina lake. Ni jambo jema. Lakini kutambuliwa kwa dhehebu ni jambo moja, na jamaa kusali sebuleni ni jambo lingine. Baba wa nyumba hahitaji hati ya Waziri ili aseme Salamu Maria pamoja na majirani zake.

Kiwanja na kipimo chake

Tuje sasa kwenye viwanja. Si dhambi wala si uadui kwa Serikali kupanga mji: hapa soko, hapa nyumba za kukaa, hapa karakana, hapa shule na makanisa. Tangu amri ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango ya miji, Kongo imekuwa na kanuni za namna hiyo. Jirani aliyejenga nyumba ili alale usiku anayo haki ya kulala. Mtoto mgonjwa anayo haki ya kupumzika. Ukumbi wenye watu 200 na mlango mmoja mwembamba ni hatari ya kweli, hata kama watu wote ndani wanaimba zaburi.

Wala tusisahau kwamba kimya cha nyumba ya sala kimewahi kuficha maovu. Kule Kanungu, upande wa Uganda, si mbali na mpaka wetu, tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu walikufa ndani ya nyumba ya ibada iliyotiwa moto, nao wengi wao walikuwa wametoka katika Kanisa Katoliki. Kule Shakahola, katika nchi ya Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wamwone Mungu. Mkuu anayeuliza, "Humo ndani watoto wanakula? Wagonjwa wanapelekwa hospitali?" haulizi juu ya imani. Anauliza juu ya uhai, na ni wajibu wake.

Lakini kipimo chema kikizidi hugeuka mzigo. Mwanzoni mwa mwaka 2018, katika mji wa Kigali, nyumba za ibada zipatazo 700 zilifungwa kwa sababu ya usafi, uimara wa majengo na kelele. Sheria mpya ikafuata mwaka huohuo, nayo ikadai hata elimu ya chuo kwa wakuu wa dini, baada ya muda wa kujiandaa wa miaka 5. Katika ukaguzi wa mwaka 2024 nyumba zaidi ya 5,000 zilifungwa nchini Rwanda. Bila shaka nyingine kati yake zilikuwa za hatari kweli. Lakini maskini wa kijijini, asiye na saruji, asiye na choo cha matofali, asiye na fedha za kumpeleka mchungaji wake chuoni, aende wapi siku ya Bwana?

Tufikiri jambo hilo katika nchi yetu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni ya Serikali, na kwamba haki za wanavijiji juu ya ardhi ya mababu zitaelezwa katika amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa kwa miongo mingi. Kwa hiyo jamaa nyingi za Masisi na Walikale hukaa juu ya ardhi waliyopewa kwa desturi, bila karatasi. Basi siku mtu atakaposema, "Nyumba isiyo na hati ya kiwanja isifanyiwe ibada," amefunga karibu kila nyumba kijijini, hata kama hakutaja jina la dini yoyote. Kanuni yaweza kuonekana sawa kwa wote katika maandishi, nayo ikawaangukia maskini peke yao.

Tufanyeje basi ili kupambanua? Sisi twaona ni vema kutenganisha mambo matatu. La kwanza ni sala ya jamaa na wageni wao. Hiyo ni maisha ya nyumba, haina haja ya kibali. La pili ni shirika linalokutana mara moja kwa juma, leo hapa, kesho pale. Hilo ni ujirani, na latakiwa adabu ya ujirani. La tatu ni nyumba iliyoacha kuwa nyumba: imewekwa mabenchi na vipaza sauti, watu wanaingia kila siku, sadaka inakusanywa. Hiyo ni nyumba ya ibada, na si vibaya ipimwe kama zinavyopimwa nyumba nyingine za ibada. Makosa huanza pale jambo la kwanza linapotendewa kama la tatu, au la tatu linapojificha ndani ya la kwanza.

Kanisa lenyewe linayo kanuni ya namna hiyo. Sheria yake ya mwaka 1983, kanuni ya 932, inataka Misa iadhimishwe mahali patakatifu, isipokuwa haja ikidai vingine, na hapo mahali pawe pa heshima. Na kwa kikanisa cha nyumbani mwa mtu, kanuni ya 1228 inataka ruhusa ya mkuu wa Kanisa. Hakuna aliyesema kwamba kanuni hizo zaichukia Misa. Zinailinda. Lakini tazameni pia jinsi zilivyoacha mlango kwa ajili ya haja: padri akifika msituni, meza ya mjane, ikipanguswa vizuri na kutandikwa kitambaa safi, yaweza kupokea Mwili wa Bwana. Sheria ya nchi nayo iwe na mlango wa namna hiyo.

Tulilipata fundisho hilo mwaka 2020. Kwa ajili ya ugonjwa wa korona, tangu mwezi wa Machi ibada za hadhara zilisimamishwa katika Kongo nzima, na mikutano ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa, mpaka makanisa yalipofunguliwa tarehe 15 Agosti. Ilituuma. Pasaka tuliipitisha majumbani. Lakini amri ile ilikuwa na sababu iliyoelezwa. Iliwashika wote, Wakatoliki na Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu. Nayo ilikuwa na mwisho. Kipimo ndicho hicho: sababu ya kweli, usawa kwa wote, na muda maalumu. Amri inayokosa moja katika hayo matatu, tuihoji kwa heshima.

Yatupasa nini sisi?

Sasa tujitazame. Mara nyingi Mkatoliki husikia chumba cha sala cha jirani kikipiga ngoma usiku kucha, naye husema, "Laiti wangefungiwa!" Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Ukiomba jirani azuiwe kelele baada ya saa 3 za usiku, umeomba haki. Ukiomba azuiwe kusali kwa kuwa si wa dini yako, umemkabidhi mkuu ufunguo ambao kesho atafungia shirika lako. Kwanza nenda kwa jirani huyo mchana, kaa kwenye kigoda chake, zungumza naye. Kesi nyingi zinazofika barazani zingekwisha kwa mazungumzo ya namna hiyo.

Basi, wakuu wa mashirika na wazazi, twawashauri hivi. Mkutane mapema, watu warudi makwao kabla ya giza. Mlango uwe wazi, na mtu yeyote apitaye akaribishwe kuketi. Nyumba ipumzike: msiielemee nyumba moja, hasa ya maskini, bali mpokezane. Neno la Mungu lisomwe kwa lugha inayofahamika kwa wote waliopo. Kama wapo Wahunde, Wanyanga, Wahutu, Watutsi, Watembo na Wakumu, basi Kiswahili chetu kiwaunganishe. Silaha isiingie, wala karatasi ya siasa, wala maneno ya kusengenya kabila lolote. Mkuu wa kijiji mumpashe habari, si kwa kuomba ruhusa ya kumwabudu Mungu, bali kwa adabu, kama mtu amwambiavyo jirani, "Leo nina wageni." Na mkuu akija na swali, ajibiwe kwa upole, akija na amri, aombwe aiandike na aonyeshe sheria yake, ikionekana ni ya udhalimu, habari ifike kwa paroko na kwa wajuao sheria, bila matusi wala mawe.

Hasa hilo la lugha na kabila, ndugu wapenzi, lisipite hivihivi. Shirika la watu wa kabila moja, lililofunga mlango, humpa mwenye mashaka sababu ya mashaka yake. Shirika ambamo mama wa kabila hili amembeba mtoto wa mama wa kabila lile, hilo halihitaji wakili. Huenda hapo ndipo penye ulinzi mkubwa kuliko ibara zote za Katiba tulizozitaja, ingawa ibara nazo twazihitaji.

Nanyi wakuu mnaosoma ukurasa huu, maana twajua kwamba wako miongoni mwenu wanaousoma, twawaomba jambo moja tu. Mkifika kwenye nyumba wanamosali watu, ulizeni juu ya paa, juu ya mlango, juu ya saa na juu ya kelele. Ulizeni kama watoto wamekula. Hapo mtakuwa mmetenda kazi yenu, nasi tutawashukuru. Lakini juu ya Mungu wanayemwita, waacheni na dhamiri zao.

Jioni hii, huko Masisi na Walikale, mtoto atatumwa kwa jirani kuazima kigoda kwa ajili ya shirika. Wazazi, msimcheleweshe. Na kama jirani huyo ni wa dini nyingine, mwambieni mtoto amsalimu kwa heshima, na kesho akirudishe kigoda kikiwa kimefutwa vumbi.

Mpaka juma lijalo, Mungu azilinde nyumba zenu.